Ubao wa Mwenye Askrimu

Sikukuu ya Mfunguo Mosi ya mwaka 2016 ilikuja mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe, wakati ambapo kusi huvuma na bahari iliyo baina ya Pemba na Unguja huwa haina adabu hata kidogo. Dada yangu alivuka hivyo hivyo, kwa sababu kliniki ya mwanawe katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ilikuwa imepangwa siku chache kabla ya mwezi kuandama, naye alipiga hesabu akaona kwamba kuliko kurudi Wete na kuja tena, bora wale sikukuu kwangu Kikwajuni.

Mwanawe huyo, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka tisa, alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga, lakini miguu yake haikupata nguvu, na tangu alipopewa kiti cha magurudumu, ambacho nyumbani tunakiita kigari, alikuwa akikiendesha kwa namna iliyowafanya wenzake wa Wete wamwite Nahodha. Nami nitamwita hivyo hapa.

Asubuhi ya sikukuu alitoka na watoto wangu kuamkia nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa nyumba nyingi za mtaani kwetu zina baraza za kupandia, yeye alibaki chini njiani, wenzake wakaingia, na watu wazima wakatoka nje kumletea mkono wa Idi pale pale alipo. Waliporudi adhuhuri na kuhesabu pesa zao juu ya mkeka, ikaonekana kwamba Nahodha amepata karibu mara mbili ya wenzake. Binti yangu mdogo alinung'unika. Nahodha hakujibu kitu, ila alizipanga noti zake kwa makini, akaitoa moja ya shilingi 2,000, akaigeuza upande wenye picha ya Ngome Kongwe, akasema kwamba hiyo ndiyo ya pembea, kwa sababu yule mzee aliyempa alimwambia, "Ukapande pembea," na hakumwambia "Pole."

Nilidhani ni maneno ya kitoto tu. Kesho yake, siku ya pili ya Idi, baada ya sala ya Alasiri, tulikwenda kwenye kiwanja kimoja cha kufurahishia watoto, ambacho jina lake nitaliacha. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, wasichana wamevaa magauni mapya na kupaka piko, vijana wa kiume wana miwani ya jua ingawa jua lenyewe lilikuwa limekwisha kulegea. Mlangoni kulikuwa na kizingiti cha saruji chenye kimo cha shubiri moja hivi. Nilikuwa nimekipita mara nyingi mno nikiwa na watoto wangu na sikuwahi kukiona.

Aliyekiona kabla yetu ni mwenye askrimu. Yeye naye alikuwa na magurudumu, ya gari lake la kusukuma, na kwa kuwa hakupenda kubeba gari zima kila siku, alikuwa na ubao wake mwenyewe aliouegemeza ukutani. Alitutazama, hakuuliza kitu, akaulaza ubao juu ya kizingiti, akasema, "Pandisha, mjomba, lakini usisite katikati." Baadaye nilikuja kujifunza kwamba kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi hutaka njia ya mteremko iwe na urefu usiopungua mara 12 ya kimo chake, yaani kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2 na sentimita 40. Ubao ule haukufika hata mita moja. Nahodha alipanda akiwa ametazama mbinguni, ameshika magurudumu kwa mikono miwili, nami nyuma nasukuma kwa kifua.

Dirishani, Nahodha alinyoosha noti yake ya Ngome Kongwe. Dada aliyekuwa akikata tiketi alimwangalia, uso wake ukalainika kabisa, akairudisha noti ile kwa vidole viwili. "Huyu apite tu, maskini. Hatumlipishi yeye." Nahodha akasema, "Lakini ninazo." Yule dada akacheka kwa mapenzi, akaniambia mimi, si yeye, kwamba nimwekee zikamfae kwa jambo jingine. Nilimshukuru. Naliandika hili kwa aibu: nilimshukuru, tena kwa dua, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu na kwa sababu nimelelewa kwamba mtu akikufanyia wema humwulizi.

Yaliyofuata yalitokana na wema ule ule. Kwenye foleni ya pembea kubwa ya duara, ile yenye vibanda vinavyopanda na kushuka, watu walitusogeza mbele mpaka tukafika mwanzoni, huku watoto wangu wameachwa nyuma kabisa, na Nahodha akigeuka kila mara kuwatafuta kwa macho. Kijana wa zamu aliyesimama kwenye kilango alinyoosha mkono. "Tiketi." Watoto wengine wote walikuwa na karatasi ndogo ya waridi mkononi, Nahodha alikuwa na noti ya shilingi 2,000. Nilipoeleza kwamba tumesamehewa dirishani, kijana akasema kwamba kilichosamehewa ni kiingilio cha mlangoni, wala pembea haimo, na kwa hali yoyote mtoto wa namna hii hapandi. Alisema "mtoto wa namna hii" bila ukali wowote, kama mtu anayesoma kibao.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa skuli, na miezi michache nyuma nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya elimu mjumuisho. Nilijua kwamba Zanzibar ilikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Haki na Fursa, Namba 9 ya mwaka 2006. Nilijua pia kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi mchezo na burudani, na kinataka watoto wenye ulemavu washiriki kwa usawa na watoto wengine. Katika mafunzo nilikuwa nimekisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya walimu wenzangu, wakanipigia makofi. Pale kwenye kilango, watu wakiwa wamesimama nyuma yangu na vumbi la sikukuu likiwa machoni, halikunitoka kinywani hata neno moja la kifungu hicho. Nilisema tu, "Basi, kijana wangu, nasi tumetoka mbali."

Mkubwa wa zamu aliitwa. Naye akaja na neno usalama, na siwezi kusema kwamba neno lile lilikuwa la uongo. Mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hana hisia miguuni. Nahodha aliwahi kuungua unyayo kwa bati la moto asijue mpaka mama yake alipouona wakati wa kumwogesha. Mguu ukibanwa na chuma ndani ya kibanda, hatalia. Kwa hiyo hofu ya yule bwana ilikuwa na mahali pa kusimama, isipokuwa kwamba yeye hakuyajua hayo, wala hakuuliza. Alikuwa anakataa kigari, na mtoto aliyekaa juu yake hakuwa amemtazama bado.

Aliyeuliza ni fundi wa mashine, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ndoo kando ya swichi, mikono imejaa grisi. Aliinuka taratibu, akachutama mbele ya Nahodha, akamwamkua kama anavyoamkuliwa mwanamume, kisha akasema, "Hebu niambie, bwana mdogo. Nyumbani unapohama kutoka hapa kwenda kitandani, unahama vipi?"

Nahodha alimweleza. Kwamba kigari kisogezwe ubavuni, breki zifungwe, mkono mmoja aushike ukingo, mwingine ajiinulie, na mtu amshikie miguu tu, asimshike kwapani kwa sababu akishikwa kwapani huanguka. Na kwamba viatu asivuliwe. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kikoi nilichokuwa nimekitupia begani, akakikunja na kukitandika pale miguu itakapokaa ili isigusane na chuma. Kisha akakishusha kibanda hadi usawa wa chini kabisa na kukizuia kwa kabari ya mti. Jambo zima halikuchukua dakika tatu.

Miaka ya baadaye, nilipoanza kusoma mambo haya kwa makusudi, nilikuta kwamba alichofanya fundi yule kwa kabari na kikoi kimeandikwa kuwa sharti katika viwango vya Marekani vya mwaka 2010: pembea mpya iwe na nafasi ya kiti cha magurudumu kuingia nacho, au kiti ambacho mtu anaweza kuhamia, au kifaa cha kumsaidia kuhama. Nilisoma pia habari za Morgan's Wonderland, kiwanja kilichofunguliwa mwaka huo huo wa 2010 katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, ambako mgeni mwenye ulemavu haulizwi kiingilio. Habari hiyo ilinifikirisha sana, kwa kuwa nilikuwa nimeshikilia kwamba bure ndiyo iliyotuharibia siku yetu. Lakini kule anayeingia bure anaikuta pembea iliyotengenezwa ili apandie humo na kigari chake. Sisi tulisamehewa mlango, tukanyimwa kilichomo ndani.

Kabla ya kuhama, Nahodha alikuwa na shuruti moja, nayo ni tiketi. Fundi akamtuma kijana wa zamu dirishani na noti ile, naye akarudi na karatasi ya waridi pamoja na chenji. Mkubwa wa zamu alikubali kwa masharti kwamba nipande naye, jambo ambalo Nahodha hakulipenda na mimi nililiogopa, kwa sababu mtu mzima mimi sijawahi kupenda kuwa juu ya kitu kinachoyumba. Tulipofika kileleni pembea ikasimama kupakia wengine. Nilifumba macho. Yeye alikuwa akinitajia anachokiona, mapaa ya mabati, mnara wa msikiti, meli iliyokuwa ikiingia bandarini, na aliwapungia watoto wangu ambao bado walikuwa kwenye foleni.

Vigari vya kugongana vilikataliwa, na hapo mama yake aliungana na waliokataa, kwa ajili ya mgongo. Nahodha alibishana kidogo, kisha akaacha.

Adhana ya Magharibi ilitukuta bado ndani, tukatoka mbiombio pamoja na umati. Mlangoni nilipapasa ukutani kwa mkono kutafuta ubao. Mwenye askrimu alikuwa keshauza, ameondoka nao. Vijana wawili nisiowajua walikinyanyua kigari, mmoja huku na mmoja huku, na Nahodha, tiketi ikiwa ndani ya kofia yake, aliwaambia waanze na magurudumu ya nyuma.