Yusuf, Hamza na wale askari wa Mjerumani

Mimi riwaya ya kihistoria nikiishika namtafuta yule mtu ambaye mwalimu wa historia hakuwa na muda naye. Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu tulifundishwa kwa tarehe, mapigano ya Tanga Novemba 1914, halafu Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, anasalimu amri Abercorn (Mbala ya Zambia ya leo) 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya vita kuisha Ulaya, ukijibu hivo kwenye mtihani unapewa maksi zako basi. Ila askari mwenyewe aliyetembea na Lettow-Vorbeck miaka yote ile, mweusi kama mimi, ametoka wapi, kwanini alikubali, alirudi kwa nani? Hayo nimekuja kuyapata kwenye riwaya mbili za Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar.

Nilianza na Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022 (kitabu chenyewe kilitoka Kiingereza 1994). Kama hujakisoma na hutaki kujua mwisho ruka hii aya. Yusuf ana miaka 12, baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, basi mtoto anachukuliwa rehani na wala hakuna anayemwambia ukweli, anadhani anaenda kutembea kwa mjomba. Anakaa dukani na Khalil, anaenda safari ya bara na msafara, huko kwa Chatu mali inachukuliwa na watu wanapigwa, na mimi muda wote nasubiri huyu mtoto aachiwe huru jamani. Mwisho kabisa kinapita kikosi cha Wajerumani na watu waliowakamata, na Yusuf aliyekuwa amejificha anatoka mbio kuwafuata. Nilikasirika! Nikafunga kitabu nikawa naongea peke yangu, yaani umeponea chupuchupu halafu unawakimbilia hao hao?

Hasira zile zilikaa na mimi mpaka niliposoma Afterlives ya 2020, maana Hamza wa humo ni kama Yusuf aliyekua. Naye alitolewa kwa mfanyabiashara kwa ajili ya deni, akatoroka, akajiandikisha uaskari kwa hiari yake. Na hapo ndo nikaanza kuelewa taratibu, kwamba mtoto ambaye hajawahi kuwa wa mtu yeyote akiona watu wanatembea pamoja, wana sare, wana mshahara, wanaogopwa, ataona pale ndo pa kwenda. Sijasema nimekubali alichofanya, maana jeshi lile ndilo lililochoma mashamba na maghala ya vyakula kusini wakati wa Maji Maji 1905 mpaka 1907 na watu wengi sana wakafa kwa njaa, mashujaa wa Songea walinyongwa 1906 na serikali ile ile aliyokwenda kuitumikia. Gurnah naye hafichi, kijiji kikichomwa unaona kinachomwa. Lakini Hamza akirudi pwani na mguu mbovu, hana ndugu, anaomba kazi kwa sauti ya chini, nilitaka apate pa kulala. Nilimpenda na bado nina kinyongo naye, vyote viwili kwa pamoja, na sijapata kitabu cha historia kilichonifanya nijisikie hivo.

Halafu kuna Afiya. Huyu ndo alinivunja moyo kabisa. Msichana mdogo anafundishwa kusoma na kuandika na kaka yake Ilyas, kaka anaenda vitani, yeye anarudishwa kijijini na mwenye nyumba anampiga mpaka mkono unavunjika kwa sababu amegundua anajua kuandika. Na anaokolewa na nini? Na kikaratasi alichoandika mwenyewe kikamfikia Khalifa, rafiki wa kaka yake, mjini. Kurasa zile nimezirudia sijui mara ngapi na kila mara nalia.

Ilyas hakurudi. Wanamsubiri miaka na miaka, mwisho inajulikana alikwenda Ujerumani na akafia kambi ya mateso ya Wanazi, Sachsenhausen, mikononi mwa watu aliowapigania. Nikasema hapa mwandishi kazidisha, nikaanza kutafuta, nikakutana na Bayume Mohamed Husen, mtu wa kweli kabisa, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, askari toto wa Mjerumani vita ile, akahamia Berlin 1929, akawa mhudumu wa hoteli, akacheza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na akafia Sachsenhausen Novemba 1944. Nilikaa kimya muda mrefu. Sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora, Dar es Salaam, nimeipita maisha yangu yote, Waingereza waliiweka 1927 kwa ajili ya waliopigana upande wao, ila sasa hivi nikiipita nawaza na hawa wa upande wa pili ambao hawana sanamu.

Kwa wanaonisumbua kwamba niache riwaya nisome historia yenyewe, mimi nasoma vyote, ila tarehe za Husen zisingenishika hivi kama sijamsubiri Ilyas kurasa zote zile pamoja na dada yake.

Kuli ya Adam Shafi naipenda kwa sababu hiyo hiyo, mgomo wa bandari ya Zanzibar wa 1948 kwa macho ya mchukuzi, japo kuna sehemu maongezi yanageuka hotuba na hapo nachoka kidogo. Sasa natafuta riwaya ya mpagazi wa Vita Kuu ile ya Kwanza. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa njaa na magonjwa, wamebeba risasi na unga wa watu wengine, na nataka kukaa na mmoja wao, na mke wake pia, kurasa mia tatu au zaidi.