Maji yanajaa au yanakupwa?

Tangu Ijumaa maneno ya ami hayanitoki. Nikiwa studio yananijia, nikichagua mchele yananijia, na juzi yamenijia katikati ya sala, nikastaghafiru.

Alikuja mjini kuchukua miwani yake mipya, akapita kwetu baada ya sala ya Ijumaa, akakaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamtolea ile picha ya Charawe, kijiji cha Ghuba ya Chwaka hapa Unguja, niliyoisafisha kwa karatasi kubwa, ile niliyowaambieni kwamba kipupwe hiki chote sijapata iliyo bora kuliko hiyo: mikoko mkono wa kushoto, mkondo unakatisha katikati, mwanga wa asubuhi umelala juu ya maji. Ami ni mtu wa mikoko. Kabla msitu wa Jozani na Ghuba ya Chwaka havijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, yeye na wenzake wakikata boriti za mikoko huko huko. Kwa hiyo kabla ya mtu mwengine yeyote nilitaka yeye aione.

Akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka mbali, akaileta karibu. Kimya. Halafu:

“Maji haya yanajaa au yanakupwa?”

“Yanakupwa, ami.”

“Wewe wajua kwa sababu ulikuwapo.”

“Ndiyo.”

“Picha haisemi.”

Akanirudishia, akamaliza kahawa yake, akaanza kumuuliza mama habari za mguu.

Wiki hii dada kajifungua salama, mtoto wa kike, alhamdulillahi, na mwenye nyumba wa studio katupa notisi ya kuhama. Mimi bado niko na yale maneno mawili. Wala hakuyasema kwa dharau. Angedharau ningenuna siku moja yakaisha. Aliyasema kama mtu anayesoma barua akakuta haina tarehe.

Na mnajua nilivyoihangaikia picha hiyo. Watu hunishangaa, kwa nini niende shamba na baridi ya Julai, kusi linavuma, niliache joto la kaskazi. Jibu langu ni mwanga. Kipupwe jua linachomoza kaskazini kidogo ya mashariki, na hata adhuhuri haliji utosini, limeegemea upande wa kaskazini, kwa hiyo kila kitu kina kivuli chake na umbo lake. Masika yameshaosha hewa. Ndani ya Jozani maji ya mvua bado yamesimama chini ya mitondoo, kwa sababu msitu ule maji ya ardhini yako karibu mno na hayana pa kwenda, na asubuhi unaona mti mara mbili, wa juu na wa chini. Aliyeniagiza picha za kalenda anataka kima punju tu. Simlaumu, kima hao asili yao ni Unguja, hawana kwao pengine duniani. Lakini nyuma ya kima pana nchi nzima, nami nataka watu waione na hiyo.

Charawe nilikwenda bamvua, siku za maji makubwa, kwa makusudi. Bamvua la kwetu maji hujaa alfajiri yakakupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, basi jua likitoka saa kumi na mbili na nusu maji yako njiani yanatoka, na mizizi inaanza kuonekana. Kijana wa hifadhi aliyenisindikiza alinisaidia kuzamisha miguu ya tripodi kwenye tope mpaka ikakita. Upepo ulikuwa unakunja maji vikunjo vidogo vidogo, nikaiacha kamera wazi sekunde kadhaa ili maji yalale, na yakalala. Majani ya juu yametikisika yakawa ukungu wa kijani, mizizi imetulia. Ndivyo nilivyoitaka, na mpaka leo ndivyo ninavyoipenda.

Lakini “picha haisemi”. Nimelifikiria swali lile hadi nikaona aliloulizia. Mkata boriti akitazama mkondo hatazami rangi. Yakiwa yanajaa, chombo kinaelea na mzigo unatoka. Yakiwa yanakupwa, na wewe umo ndani na mzigo wako, fanya haraka, la sivyo utakaa na mbu mpaka maji yarudi. Kwake yeye maji ambayo hayaonyeshi yanakokwenda hayajakamilika kuwa maji. Nikajiuliza, hivi picha iliyosimama itamwonyeshaje mtu kitu kinachokwenda? Ijumaa usiku nilisema haiwezekani. Jumamosi nilisema hivyo hivyo, na roho bado haikutulia.

Jumanne usiku, umeme uliporudi, nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka mzizi mmoja ukajaa kioo kizima. Mzizi wa mkoko wa mbele kabisa, ule uliojipinda kuingia majini. Juu ni mkavu, kijivu, una chaza wawili wameng'ang'ania. Chini yake mpaka kwenye maji, kiasi cha shibiri nzima, ni mweusi na unang'aa. Umerowa! Maji yalikuwapo hapo yakaondoka, jua halijapata muda wa kuukausha. Na pale rowa inapoishia limenata jani moja la manjano, limelala ubavu juu ya mzizi, hewani, maji yako chini yake. Maji yanayojaa yangelikuta na kulichukua. Yanayokupwa ndiyo yaliyoliacha.

Picha inasema. Wallahi inasema! Nilikaa pale nacheka peke yangu, saa sita usiku, mume wangu akaja kuuliza kuna nini, nikamwonyesha jani, akasema zuri, akarudi kulala. Sikujali. Tokea ninunue kamera hii sijafurahi namna ile, hata siku ile hoteli waliponunua zile picha nne za msitu wa Ngezi, Pemba.

Asubuhi nikampigia ami. Shikamoo, marahaba, nikamweleza mzizi, shibiri, rowa, jani. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na si kawaida yake.

“Jani la rangi gani?”

“La manjano.”

“Na chaza wako juu ya rowa?”

“Juu, ami. Pakavu.”

“Ahaa.” Akanyamaza. “Iweke. Nitakuja niitazame tena, ile siku miwani ilikuwa mipya.”

Nilikuwa bado natabasamu aliposema, “Na ule mguu wa mama yako? Siku ile sikuupenda.”

Nikamjibu kama mama anavyotujibu sote, kiatu kimemchubua kisiginoni, patapoa. Lakini jana nilimkuta anakifunga kidonda kitambaa mwenyewe, mlango kaurudisha. Nilipoinama nitazame akauvuta mguu. Ana sukari tangu mimi niko skuli, na kidonda hiki kilikuwapo kabla ya sherehe za Mwaka Kogwa za Julai. Kliniki yake ni wiki ijayo, anasema tusimsumbue mpaka siku yake ifike. Kaka anasema tumsikilize. Mimi sioni kama kile ni kidonda cha kungoja wiki ijayo.