Kware wangu wa kibarazani

Nyumba yangu hapa Bombo ni vyumba viwili vya kupanga na kibaraza ambacho ukiweka viti viwili, mtu wa tatu atasimama. Hajati mwenye nyumba alinionya siku naingia: kuku hataki, watachakura maua yake. Kware hakuwataja, nami sikuuliza.

Nilinunua vifaranga kumi na wawili Kampala, wa siku mbili, wakatiwa kwenye boksi la viatu, nikapanda teksi ya Bombo boksi likiwa mapajani. Kondakta aliposikia milio akaniambia, "Mama, simu yako inaita."

Mimi nimekulia kwenye kuku, na shida zangu zote zilianzia hapo. Usiku wa kwanza niliwawekea maji kwenye kisahani, kama ninavyowawekea vifaranga wa kuku. Asubuhi wawili walikuwa wamekufa maji. Kifaranga wa kware ni kama ncha ya dole gumba. Kisahani kwake ni ziwa. Tangu siku hiyo natumia kifuniko cha dumu kilichojaa changarawe, wanadonoa maji katikati ya mawe.

Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 35 hadi 37. Kipimajoto sina, kwa hiyo niliwasoma wenyewe: wakirundikana chini ya balbu wanasikia baridi, wakijitenga pembeni midomo wazi, wanaungua. Balbu iwe ile ya zamani ya waya, hizi za kisasa zina mwanga tu. Umeme ulipokatika usiku wa tatu nilijaza maji ya moto kwenye chupa, nikaivika soksi, nikaiweka katikati yao. Walijibanza pale kama watoto kwa bibi yao.

Chakula nilitumia cha kuanzia cha kuku wa nyama, nikakitwanga kwenye kinu kwa sababu chembe zake hazipiti koo lao, nikaongeza mukene wa kusaga, yaani dagaa. Nunua mukene wa kuliwa na watu. Ule wa mifugo niliupepeta siku moja, nusu yake mchanga.

Kizimba ndicho kilichonifunza zaidi. Nilimwambia seremala afanye urefu mita moja, upana nusu mita, na kimo nusu mita, nikiona nawatendea wema. Sasa kuku akishtuka hukimbia. Kware hafanyi hivyo, anafyatuka wima kama kizibo cha soda. Paka alipita kibarazani, tukasikia "ta! ta!" na dume mmoja akabaki na ngozi ya kichwa imechanika, damu hadi machoni. Jioni hiyo hiyo nilishusha dari hadi sentimita 25, na badala ya mbao nikavuta gunia. Akiruka sasa hana nafasi ya kupata kasi, na akigonga anagonga kitu laini.

Kufikia wiki ya tatu vifua vilianza kusema: dume rangi ya kutu, jike madoadoa. Nilikuwa na madume manne kwa majike sita, na vita havikuisha. Niseme kweli, matatu yaliishia kwenye sufuria. Binti yangu, ambaye alishawapa majina wote, hakula.

Yai la kwanza lilikuja wiki ya saba, kisha yakawa ya kuokoteza, mawili leo, kesho hakuna. Kumbe mchana wetu huku karibu na ikweta ni saa kumi na mbili tu mwaka mzima, nao wanataka kama kumi na nne au zaidi ndipo watage vizuri. Nikatundika kibalbu cha sola, kinawaka jua likizama hadi saa tatu na nusu usiku. Baada ya wiki tatu hivi nilikuwa naokota manne, matano kwa siku.

Harufu usipoondoa kinyesi kila asubuhi itakushitaki. Mimi ilinishitaki sauti. Dume langu likawa linaitikia adhana ya alfajiri.

"Mwanangu, ni nini hicho kinacholia kwako?" Hajati akauliza. Nikampelekea mayai kumi kwenye bakuli. Akataka kujua kama ni kweli yanaponya presha. Zile kelele za mwaka 2013 na 2014, watu walipouziwa mayai ya kware kama dawa ya kila ugonjwa, bado ziko kichwani mwa wengi. Nikamjibu, "Hajati, haya ni mayai tu, matano ndiyo kama moja la kuku." Alikubali kizimba kibaki, kwa sharti nikifunike kitenge usiku hadi kuche.

Kuatamia hawajui, nilisubiri bure mwezi mzima. Mwishowe nikaweka mayai tisa chini ya tetea mdogo wa jirani. Mawili aliyavunja kwa uzito wake. Siku ya kumi na saba jirani akaniita mbio, na nilipomwinua tetea, vitano vilikuwa vinatembea juu ya miguu yake. Nikakimbia kutafuta kifuniko cha dumu.