Zimwi Lililoharibu Mizani

Jumamosi usiku tulizijaribu kwa mara ya tatu kanuni za mchezo wa vita vya njozi wa vijisanamu na dadu, kanuni nilizozitunga mwenyewe, mimi nikiongoza mazimwi 6 na mdogo wangu askari 20 wa mikuki, juu ya meza ya kulia chakula tuliyoitandika blanketi la kijani. Katika zamu ya pili zimwi moja lilisogea inchi 10, likaivamia safu yake ya mbele, na vijisanamu 8 vikaondolewa mezani kabla yeye hajarusha dadu hata mara moja. "Kaka, hapa mimi nacheza au natazama?" akauliza, na alikuwa na haki.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika kwamba shambulio hufaulu kwa jumla ya 8 au zaidi katika dadu mbili, yaani matokeo 15 kati ya 36, kisha nikampa mvamizi nyongeza ya 2 kwenye jumla hiyo, nikidhani ni kidogo. Kumbe hupandisha matokeo hayo hadi 26. Nyongeza ya 1 huishia 21, nayo ndiyo niliyoiandika pembeni kwa penseli. Tuliporudia pambano, askari wa mikuki walistahimili hadi zamu ya tano. Kanuni za uchawi hatukuzigusa, kwa kuwa umeme ulikatika.