Meseji si mauzo: siku moja ya mtu wa matangazo Dar

Saa 12 na nusu asubuhi

Mswaki bado uko mdomoni, simu inaita. "Dada, mbona kimya? Sioni wateja." Anayeuliza ana duka la viatu vya kike Sinza, na tangazo lake la Instagram limeanza jana saa 2 usiku. Namjibu salamu tu. Takwimu sizitoi kabla ya saa 3. Ukimpa mteja namba za alfajiri atakudai za mchana, kisha za jioni, na kazi yako itageuka kuwa ya kumbembeleza.

Saa 3, ofisini

Nikiwa kwenye daladala kashanitumia picha tatu mpya. Anataka tubadilishe tangazo leo leo. Namweleza kwamba mitambo ya Meta, kampuni inayomiliki Instagram, hupitia kipindi cha kujifunza: inajaribu tangazo kwa watu mbalimbali, inaangalia nani anabofya na nani anaandika meseji, halafu inawatafuta wanaofanana na hao. Meta wenyewe wanasema seti moja ya matangazo huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja ndipo itulie, na ukibadilisha picha au walengwa katikati, unaanza upya. Kwa bajeti ya shilingi 15,000 kwa siku, hayo 50 hayaji kwa kukimbizana.

"Tulikubaliana tukae Jumatatu," naandika. "Mpaka siku hiyo hatugusi kitu, labda kama bei imekosewa."

"Sawa." Neno moja, nukta. Kanuna, lakini Jumatatu iko kwenye mkataba wenye sahihi yake.

Saa 4 na nusu, Keko

Nampenda mzee huyu wa makochi kuliko wateja wangu wote, ingawa ndiye anayenichosha zaidi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Watu wanaona, hawanunui. Hela yangu inakwenda wapi?"

Sifungui kompyuta. Naomba simu ya duka, ile anayoshika kijana wake, tunakaa kwenye kochi ambalo halijavalishwa kitambaa na kuanza kusoma. Chini ya posti watu wameuliza "bei?" na wote wamejibiwa "njoo inboksi". Ugonjwa huu sijui tuliuokota wapi. Mtu kauliza bei hadharani, unamzungusha mlango wa nyuma! Huko inboksi kuna mama wa Mbezi Beach aliyeandika saa 3 usiku: anataka kochi la kona, rangi ya kijivu, sebule yake ina mita nne kwa tatu na nusu, je, usafiri umo kwenye bei? Kajibiwa asubuhi ya pili: "Karibu sana." Basi. Vipimo kavitoa mwenyewe, rangi kaitaja, na hakuna aliyemwambia hata bei ya kuanzia.

Mzee kavua miwani, kamtazama kijana. Kijana kaangalia chini. Namtetea, kwa sababu mchana anapiga msasa na usiku anatakiwa awe mhudumu wa wateja, na hakuna aliyemlipa kwa zamu ya pili. Tunakubaliana simu ya usiku ishikwe na binti wa mzee, bei za kuanzia ziandikwe kwenye posti, na mezani liwekwe daftari: jina, kochi gani, umetujuaje, umelipa kiasi gani.

"Mimi nataka hela, wewe unanipa daftari," anasema.

"Mzee, wiki iliyopita hakuna aliyeingia hapa akasema kaona Instagram?"

Anafikiri. "Wapo. Yule wa makochi ya ofisi."

Huyo haonekani kwenye ripoti yoyote. Aliona tangazo, akapanda gari, akalipa mkononi. Meta haijui kabisa kama alifika Keko, na hata anayenunua mtandaoni kwa iPhone amekuwa mgumu kufuatiliwa tangu Aprili 2021, Apple walipoanza kumuuliza mwenye simu kama anaruhusu programu zimfuatilie. Kisha leo ni tarehe 18. Kochi la milioni na nusu watu wanaliulizia tarehe mbovu na kulilipia mshahara ukitoka. Tukiihukumu kampeni leo tutaizima siku chache kabla ya malipo.

Saa 7

Wali maharage, nimesimama.

Saa 8

Kikao cha video na meneja wa kambi ya watalii upande wa Karatu. Kampeni ina mwezi mmoja, anauliza booking ziko wapi. Wageni wake wengi wanatoka Ulaya, na familia inayotaka safari ya Julai huanza kupanga miezi mingi kabla. Mwezi wa kwanza tunahesabu maombi ya bei yenye tarehe na idadi ya watu. Booking tutazihesabu robo ya pili. Analijua hilo kuliko mimi, ila mwenye mali hajui. Namwandikia aya moja ya kumpelekea bosi wake.

Saa 10

Mteja mpya, anauza mafuta ya nywele. "Nipe uhakika wa wateja 200 kwa mwezi. Kuna jamaa ananihakikishia."

Namuuliza chupa moja inamwachia faida kiasi gani. Baada ya kupiga mahesabu: shilingi 6,000. Basi mteja mmoja akigharimu 7,000 kumpata na akanunua mara moja tu, hao 200 watakula 1,400,000 za tangazo ili walete faida ya 1,200,000. Kapata wateja wote aliowataka, kapoteza laki mbili. Tuzungumzie kwanza wangapi hurudi kununua chupa ya pili. Hajui. Napendekeza jaribio dogo la wiki mbili, uhakika wangu uwe kwenye kazi nitakayoifanya na siku ya kuripoti.

"Nitakupigia," anasema. Hatapiga, na mimi ni heri nimkose leo kuliko kugombana naye mwezi ujao.

Saa 12 jioni

Ripoti ya wiki ya kliniki ya meno. Walioliona tangazo wameongezeka, miadi imepungua. Kishawishi ni kuanza na lile la kwanza, maana grafu inapanda vizuri. Naanza na miadi, kisha sababu ninayoidhania, kisha nitakachobadilisha na lini. Ya walioliona naiweka ukurasa wa pili. PDF najua daktari hataifungua, kwa hiyo narekodi sauti ya dakika mbili aisikilize kwenye foleni ya Mwenge, na sentensi ya kwanza kabisa inasema miadi imeshuka.