Hiyo umeisoma

Tangu Jumanne nina maneno mawili kichwani hayataki kutoka. Baba mkwe kaniita stoo chini, kafungua bomba la tenki la tatu, Fiano ya mwaka jana, divai nyeupe ya huku Italia kusini, kanipa glasi. "Mwanangu, unasikia nini?" Nikasema asali. Hakununa wala nini, akasema tu, "Hiyo umeisoma," akafunga bomba.

Hiyo umeisoma. Nafua nayo, napika nayo, Alhamisi wifi kajifungua mtoto wa kike tukaenda hospitali Avellino, na mimi ndani ya lifti bado namjibu mzee kimoyomoyo. Kinachouma ni kwamba kweli nimeisoma! Kila anayeandika habari za Fiano anataja asali, wanasema hata jina lake la kale limetokana na nyuki waliokuwa wanazifuata hizo zabibu.

Na mzee mnamjua. Baada ya tetemeko la 1980 majirani wanahama, yeye anaambiwa ng'oa hiyo mizabibu, Fiano haizai sana, panda Chardonnay inauzika popote. Akagoma. Wakati huo ukiacha familia ya Mastroberardino, watengeneza divai walioishikilia tangu baada ya vita, huku Irpinia, upande huu wa Avellino, walioijali walikuwa wachache, hiyo DOCG yenyewe, daraja la juu la divai za Italia, imekuja 2003. Namheshimu sana kwa hilo, ndio maana neno lake liliniingia hivi.

Leo nikashuka peke yangu. Sikunywa, nikanusa tu, nikatulia, nikanusa tena, mara ikaja: moshi. Tena si wa kuni, wa korosho! Bibi yuko uani Masasi anachoma korosho kwenye debe, mafuta ya maganda yanawaka, sisi watoto tumejibanza upepo unakotokea tunasubiri. Nikamwita baba kwa sauti mpaka akashuka mbio na kandambili. Korosho ikichomwa hajawahi kuiona maisha yake. Akanusa, akakaa kimya weee, halafu akauliza, "Bibi yako alikuwa anachomea kwenye nini?"

Debe, baba. Kwenye debe.

Tukakaa juu ya makreti namweleza ganda linavyotema moto, tundu zinavyotobolewa chini ya debe, naye anauliza tena na tena, mpaka mama mkwe akaanza kugonga sakafu huko juu pasta inapoa.

Sasa hivi saa saba usiku, dogo kaanza tena kukohoa, kile kikohozi kikavu cha mwaka jana.