Nilivyoandika mwenyewe ripoti ya urithi ya nyumba yetu ya Camberwell

Nyumba tunayokaa iko Camberwell, kusini mwa London, imejengwa mwanzoni mwa miaka ya 1840, Malkia Victoria bado mgeni kwenye kiti, na iko kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria yanayolindwa, daraja la pili. Ukisikia daraja la pili utadhani ni kitu kidogo, kumbe zaidi ya asilimia 90 ya majengo yaliyoorodheshwa England ni daraja hilohilo na sheria haibagui, ukibadilisha kitu cha maana bila kibali ni kosa la jinai kabisa. Sisi tulitaka mambo matatu: kubandua saruji ukutani kule besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi, na kupaka chokaa maana unyevu ulikuwa unatumaliza, kufungua ukuta kati ya jiko na stoo ya nyuma, na kuweka madirisha ya vioo viwili upande wa nyuma kwa sababu ya baridi.

Kuomba kibali halmashauri hakulipiwi, ila lazima uambatanishe maelezo ya umuhimu wa jengo, ndo hiyo ripoti ya urithi, na hapo ndo watu wanamwaga hela kwa mtaalamu. Nikasema naandika mwenyewe, maana mwongozo wa serikali unasema maelezo yalingane na uzito wa jengo na kazi unayotaka kufanya, hawajaomba kitabu.

Nilianzia kwenye orodha yenyewe, inatunzwa na Historic England, taasisi ya umma ya majengo ya kihistoria, iko wazi mtandaoni. Ya kwetu ni mistari michache tu na yote inaongelea mbele: plasta, ngazi, madirisha, basi. Hapa wengi wanadhani ndani wako huru, hapana jamani, maelezo ya zamani yaliandikwa ili jengo litambulike tu, ulinzi unashika nyumba yote ndani na nje, hata ukuta wa bustani kama ulikuwepo kabla ya Julai 1948.

Baadaye nikaingia kwenye ramani za Ordnance Survey, wachora ramani wa serikali, za miaka ya 1870, Maktaba ya Taifa ya Scotland wameziweka mtandaoni bure, na pale nikaona stoo yetu haipo! Maana yake imeongezwa baadaye, na ule ukuta tuliotaka kuuvunja ndo ukuta wa nyuma wa nyumba ya asili. Mume wangu akasema sasa si umetuharibia, nikamwambia afadhali niseme mimi kuliko wagundue wao.

Kitu kilichonivutia zaidi ni kwamba treni ilifika Camberwell mwaka 1862, nyumba ilishakuwepo karibu miaka ishirini. Kwa hiyo hii ni nyumba ya watu waliokwenda kazini City, kitovu cha biashara cha London, kwa mabasi ya farasi, yale yaliyoanza London 1829, au kwa miguu. Sensa ya 1851 inaonyesha karani, mke, watoto na mjakazi kutoka kijijini, na sensa ya 1911, ambayo kila familia iliandika ina vyumba vingapi, inaonyesha familia kadhaa zimebanana humohumo. Kwenye daftari za wapiga kura za miaka ya 1960 majina mengi yanaonekana ya Karibea na Afrika Magharibi. Haya nayo nikayaweka, japo ripoti nyingi nilizosoma zinaishia kwa yule karani kana kwamba waliofuata walikuwa wapita njia.

Madirisha nilisaidiwa na rafiki yangu seremala. Yale ya kupandisha na kushusha, fremu ikiwa na vijipembe chini, yaani ncha za mbao zinazochomoza, kwa kawaida ni ya katikati ya karne ya 19 kuendelea, vioo vilipokuwa vikubwa na vizito vikahitaji maungio imara. Ya nyuma kwetu hayana pembe, vioo ni vidogovidogo, vimejaa mawimbi. Mpaka 1845 kioo kilitozwa ushuru kwa uzito, ndo maana vyembamba vile. Ya mbele, ambayo kila mtu anayasifia, yana pembe, yamebadilishwa zamani tu! Basi nikaandika hivyo, nikafuta ombi la vioo viwili, nikaomba kioo cha pili cha ndani ambacho hakigusi dirisha.

Saruji haikunipa shida kuieleza. Mimi mtu wa Unguja, Mji Mkongwe tumeona ukuta wa chokaa ukipakwa saruji maji yanakosa pa kutokea, plasta inabanduka, tofauti kule ni mawe ya matumbawe na huku ni matofali.

Ofisa wa halmashauri alipokuja alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa jiko. Alikubali tufungue, ila tuache kipande cha ukuta kila upande na cha juu pia, ili mtu akisimama aone nyumba ya kwanza ilipoishia. Kisheria jibu ni wiki 8, letu lilipitiliza, lakini kibali kikatoka na masharti yake, moja ni fundi apake sampuli ya chokaa kwanza ikaguliwe ndo aendelee. Imeshapita, sasa anaendelea na ukuta wa mbele, na ametukataza kuwasha hita kule chini kwa sababu chokaa ikikauka haraka inapasuka, kwa hiyo tunapika tumevaa makoti.